Gari la Watu Wawili

Habari za mke wangu nilizipata mgahawani, chapati mkononi, watu wakinitazama. Aliyezileta ni Modest, dereva wa watalii. Land Cruiser yake naitengeneza mimi, lakini mdomo wake hakuna fundi anayeuweza.

"Fundi Josephati," aliniita kutoka meza ya dirishani, "shemeji amehama timu? Nimeiona ile Datsun yake imepandishwa kwa Elisaria. Na mwenyewe kakaa kwenye benchi anakunywa soda, raha mustarehe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema mganga hajigangi. Mwingine akasema fahali wawili hawakai zizi moja, na wote wakanigeukia kuona fahali atafanya nini. Fahali alitafuna chapati. Ikanikwama kooni, nikaisukuma kwa chai ya moto, nikaungua ulimi, nikatoka bila kuaga.

Nieleweke vizuri. Mimi sina wivu wa kijinga. Lakini mke wa muuza nyama hanunui nyama kwa jirani, na mke wa fundi hapeleki gari kwa fundi mwingine, tena aliye barabara hiyohiyo, tena kapera. Hapa Karatu barabara kubwa ni moja. Magari ya watalii yakienda Kreta ya Ngorongoro yanapita hapo, malori ya vitunguu vya Mang'ola yanapita hapo, padre na mchungaji wanapita hapo, na kila mmoja hugeuza shingo kuona gari la nani limepandishwa kwa nani. Mke wangu, Mama Clara, angebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme lisingesomwa na watu wengi hivyo.

Gari lenyewe ni lake, si langu. Aliachiwa na baba yake, marehemu mzee Emilian, ambaye naye alilipata kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa Oldeani aliyefungasha na kurudi kwao. Ni gari la michezo la zamani, boneti refu, mgongo umeteremka, milango miwili na viti viwili basi. Nyuma ya viti kuna sakafu yenye zulia, ya kuwekea mizigo, na juu yake kioo kikubwa kilicholala. Mke wangu anafundisha Rhotia. Kila asubuhi huingia humo na madaftari yake na kuondoka, na wanafunzi wake wanalipenda gari hilo kuliko hesabu.

Baada ya masika likaanza kulia nyuma. Ulikuwa mlio mwembamba wa kuvuma, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Kisha likaongeza kishindo. Mama Clara aliniambia mapema, tena kwa utaratibu, kama anavyofundisha darasani.

"Baba Clara, nikikanyaga mafuta linagonga mara moja. Nikiachia linagonga tena. Na si nyuma kabisa kwenye matairi. Nasikia hapa, mgongoni mwangu, nyuma tu ya kiti."

Nilimwambia ni beringi za tairi. Nilimwambia kabla hajamaliza, kwa sababu mimi magari nayajua. Nimelala chini ya Land Cruiser Kakesio kwenye matope, simba wananguruma jirani, nikaifunga ekseli ikarudi mjini kwa nguvu zake yenyewe. Sasa kigari cha watu wawili kitanipa shida gani? Nikabadilisha beringi. Likaendelea kulia. Nikaigeukia difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Nikamwaga oili, nikakagua kile kizibo chenye sumaku kinachonasa vipande vya chuma gia zikianza kulika. Kilikuwa safi. Nikafungua difu yenyewe nikatazama meno ya gia, moja baada ya jingine. Mazima. Nikafunga, nikatia oili mpya, nikampa ufunguo. Aliporudi kutoka shule nilimsikia akipanda kilima, na difu inalia vilevile.

"Bado," alisema.

"Gari zee hulia," nikamjibu. "Hata wewe ukizeeka utalia."

Ulikuwa utani. Hakucheka. Akachukua madaftari yake akaingia ndani, na wiki hiyohiyo akampelekea Elisaria.

Huyu Elisaria ni Mchaga wa Machame. Alikuja akafungua gereji karibu na njia ya kwenda Bashay, akaipaka rangi, akaweka benchi la wateja lenye mto. Mto! Gereji na mto wapi na wapi? Ovaroli yake haina doa. Kabla ya kugusa mlango wa gari la mtu ananawa kwa sabuni. Jumapili anaimba besi kanisani kwao, na wanawake wa Karatu, hata Wakatoliki, wanajua anaimba besi. Sikusema ni fundi mbaya. Nilisema mara nyingi kwamba ni fundi wa kunawa mikono, na watu walilicheka vizuri neno hilo kabla mke wangu hajaniharibia.

Jioni ya siku ile ya mgahawani nilimkuta Mama Clara uani anachambua maharage. Nilikuwa nimejiandaa niseme kwa sauti ya chini. Nikashindwa.

"Kati ya wanaume wote wa Karatu, umemwona yule tu?"

"Sikutafuta mwanamume. Nilitafuta fundi."

"Fundi analala na wewe kitanda kimoja!"

"Ndiyo," akasema, anatikisa ungo. "Na nikimwambia gari linagonga wapi, ananiambia ni tairi. Elisaria aliniuliza nasikia nini. Nikamweleza. Akangoja mpaka nikamaliza."

Nikacheka kwa dharau. Fundi anamngoja mteja amfundishe kazi! Nikamwambia kwetu mafundi hatuulizi, tunafungua. Naye akauweka ungo chini, akanitazama usoni.

"Sikiliza, Baba Clara. Hili gari ndilo pekee nililoachiwa na baba. Sitaliuza na sitaliacha lilie mpaka life. Atakayelinyamazisha, wewe au yeye, huyo ndiye fundi wangu. Hapo mengine yote yaishe."

"Fundi wangu," alisema. Najua alikuwa anazungumzia gari. Lakini mtu mwenye wivu hasikii sentensi nzima, anasikia neno moja tu, na mimi nilisikia lile "wangu". Likanikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nilijua kabisa kilichokuwa mezani. Elisaria akilinyamazisha, kila asubuhi mke wangu ataendesha kazi ya mikono ya mwanamume mwingine, na kila atakayepita barabarani atajua.

Nikaanza kuwatazama. Gereji yangu inaelekea barabarani, hivyo sikumfuata mtu, wao ndio waliokuwa wanapita. Baada ya shule Datsun ilikuwa inapita kuelekea juu, njia ya lango la Ngorongoro, ambako kuna mlima wa kujaribia gari. Mama Clara anaendesha. Elisaria amekaa kiti cha pembeni, kiwiliwili amekigeuza, kichwa amekiingiza katikati ya viti viwili ili asikie ya nyuma. Nakubali, difu husikilizwa hivyo. Lakini ukiwa barabarani, mtu anayesikiliza difu na mtu anayenong'ona shingoni mwa mke wa mtu huwezi kuwatofautisha. Wateja wangu nao waliwaona. Walitazama, kisha wakanitazama mimi, kisha wakaniuliza habari za mahindi.

Siku moja nikaona mke wangu anacheka wakipita. Si tabasamu la njiani, alicheka mpaka kichwa kikaenda nyuma. Mimi nilikuwa chini ya gari la watu nikiwa na spana mkononi, na nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomchekesha hivyo. Sikukumbuka. Nikaikaza nati ya watu mpaka ikakatika.

Nikavua ovaroli nikaenda.

Niliwakuta wamerudi. Datsun ilikuwa chini, Elisaria ananawa mikono, na Mama Clara amekaa kwenye ule mto.

"Sabina," Elisaria alikuwa anasema, "nimekosea tena. Sidhani ni krosi."

Sabina! Hapa kwetu mke wa mtu ni mama wa fulani. Mimi mwenyewe niliyemwoa sijamwita Sabina tangu Clara azaliwe, na Clara sasa yuko sekondari Mbulu. Na huyu anaita tu, kama anaita dada yake, huku anafuta maji viganjani.

"Anaitwa Mama Clara," nikasema.

Elisaria akageuka. "Karibu, kaka. Samahani. Aliniambia jina lake hilo, nikalitumia."

"Nimemwambia mimi," Mama Clara akasema. "Ndilo jina langu."

Nikauliza kazi imefika wapi, kwa ile sauti ya mkaguzi. Elisaria akaeleza bila kujificha. Alibadilisha krosi, yaani viungo vya propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka difu, kwa sababu krosi zikilegea nazo hugonga ukikanyaga na ukiachia. Hazikuwa zenyewe. Aliweka bisibisi refu sikioni, ncha kwenye difu, gari likiwa juu ya jeki na matairi yanazunguka. Akasikia gia zinaimba kidogo tu, uimbaji wa kawaida wa umri wake. "Likiwa juu ya jeki ni zima," akasema. "Likiwa barabarani linalia. Kwa kweli, kaka, mimi sijui."

Alisema "sijui" hivihivi, mbele ya mwanamke, bila hata kukohoa.

"Ndiyo maana kila siku mnapanda mlima wawili," nikasema. "Kutafuta kitu usichokijua."

Waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Mama Clara akasimama. Nadhani Elisaria aliona naelekea wapi, kwa sababu hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Kaka, hili ni gari la watu wawili. Mmoja aendeshe, mmoja asikilize, sina jinsi. Ila pale nyuma kwenye zulia mtu anaweza kulala. Tena atakuwa juu ya difu kabisa. Mimi ni mrefu, nilijaribu nikashindwa. Wewe utaenea."

Alikuwa ananiita mfupi? Sijui mpaka leo. Lakini nikajiuliza ni kipi kibaya zaidi, kulala kama gunia nyuma ya gari la mke wangu, au kubaki hapo nikiwatazama wakiondoka tena. Nikafungua kile kioo cha nyuma nikaingia.

Nikajikunja, magoti yakanifika kidevuni, shavu likawa juu ya zulia linalonuka petroli. Mbele yangu kulikuwa na migongo ya viti viwili na watu wawili wamekaa kwa raha zao. Nilitaka kuwa katikati yao na Mungu akanisikiliza vibaya.

Tukapanda. Mashamba ya kahawa yalipita juu yangu kichwa chini, kisha miti ya msitu. Mlio ulinijaa masikioni. Pale nyuma haukuwa mlio tena, ulikuwa unaingia kwenye meno.

"Mwalimu, unasikia nini sasa?" Elisaria akamwuliza mke wangu. Nadhani "Mwalimu" lilikuwa kwa ajili yangu.

"Mlio unapanda nikiongeza mwendo. Ngoja niweke fri." Akatoa gia. Injini ikatulia, gari likaendelea kwa nguvu yake, na mlio ukapungua lakini haukukatika. "Injini imenyamaza, mlio wenyewe bado upo. Kwa hiyo hautoki mbele."

"Sahihi. Mimi kuligundua hilo ilinichukua siku nzima na soda mbili. Zote nilizinywa mimi, na wewe ukanifundisha."

Mama Clara akacheka. Kile kicheko. Nilikuwa nimekwenda kukikamata, nikakikamata, na hakikuwa na chochote ndani yake cha kumpeleka mtu kwa padre. Alikuwa anacheka kwa sababu ameulizwa swali, amelijibu, na jibu lake limepokelewa. Nilitamani kingekuwa kitu kibaya. Kitu kibaya ningejua la kufanya.

Langoni tukageuza, maana vigari kama hivi havina shughuli ndani. Nyani walikuwa wamekaa ukutani, na magari ya watalii yalikuwa yamepanga foleni. La mbele kabisa lilikuwa la Modest. Akatoa kichwa dirishani, akatazama kile kioo, akaniona.

"Fundi! Leo umepakiwa?" alipiga kelele. "Mwalimu, usimwache nje, mvua ikija ataloa!"

Watalii wakanipiga picha. Sijui waliambiwa mimi ni mnyama gani.

Tukaanza kurudi, na kabla ya kuteremka kuna kipande kinachopanda kidogo. Mama Clara akakanyaga mafuta, na mimi nikaweka kiganja sakafuni ili nisibingirike. Chini ya kiganja changu sakafu ikapigwa. Kitu kilinyanyuka kutoka chini kikaigonga bodi, ko, na mlio ukaingia ndani wote. Akaachia. Kitu kikashuka, ko, mlio ukapungua. Nikasogeza kiganja mbele, mbele zaidi, mpaka vidole vikagusa mgongo wa kiti chake. Akakanyaga tena. Hapo hapo. Nyuma tu ya kiti. Mahali palepale aliponiambia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kwenye magari yetu ya safari difu iko ndani ya ekseli, chuma ndani ya chuma, hakuna mtu anayeining'iniza. Ndiyo maana fundi wa Karatu akisikia difu inalia anafungua tumbo lake, hajiulizi imeshikwa na nini. Lakini hili ni gari la michezo. Difu yake imening'inizwa kwenye bodi, na pua yake, pale propela inapoingia, imekalia raba moja nene. Raba hiyo niliiona nilipofungua. Elisaria naye aliiona. Ilionekana nzima kwa sababu gari likiwa juu ya jeki difu inailalia kwa uzito wake na mpasuko unafumba. Barabarani ukikanyaga, pua inanyanyuka, mpasuko unafunguka, chuma kinagonga bodi na wimbo wa gia unaingia ndani bila kizuizi. Gia zilikuwa nzima muda wote. Raba ndiyo iliyokufa.

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilitaka kupiga kelele.

"Kaka," Elisaria akageuza kichwa, "umesikia chochote huko?"

Alikuwa anauliza kweli, na alikuwa anangoja. Na mimi nikafikiria gari likiingia kwake, likipanda jeki yake, raba ikibadilishwa na mikono yake iliyonawa, na mke wangu kwenye ule mto akisema asante. Kazi itakuwa yake. Mimi nitakuwa mzigo uliosema neno.

"Sijasikia kitu," nikasema. "Makelele tu."

Mama Clara alikuwa anatazama kioo cha ndani, nikadhani anaangalia gari lililokuwa nyuma yetu.

Tulipofika nilijitoa kwa shida, mguu mmoja umekufa ganzi, nikasema gari hili sasa nalichukua mimi, huyu ameshindwa. Nilitegemea ubishi. Elisaria akachukua ufunguo kwa Mama Clara akanipa kwa mikono miwili.

"Ni haki, kaka. Ila ukilipata, naomba uniambie lilikuwa nini. Nami nijifunze."

"Sawa," nikasema, kama anavyojibiwa mtu anayeomba lifti huku gari limeshaondoka.

Kesho yake niliiweka Datsun juu ya shimo la gereji ikiwa imesimama kwa matairi yake, nikaingia chini na mtaimbo. Nikauweka chini ya pua ya difu nikanyanyua kidogo. Raba ikafunguka mdomo. Imepasuka upana wote, imelainishwa na oili ya miaka, imebaki imeshika kwa mazoea tu. Spea ya gari hili Karatu hakuna, na hata Arusha wangenicheka. Nikatafuta raba ya gia boksi ya Land Cruiser iliyo nzima, nikaikata, nikaitoboa, nikaitengenezea bati la juu na la chini, nikaipima mara kwa mara mpaka bolti zikaingia kwa kidole. Ilikuwa kazi nzuri. Wivu wangu wote niliuweka humo, na nawaambia, wivu ukiwekwa kwenye kazi hutoka umenyooka.

Mama Clara aliporudi kutoka shule, siku hiyo kwa bodaboda, nikampa ufunguo. "Endesha," nikamwambia. Nikakaa kiti cha mbele, kiti kilekile cha Elisaria, nikakisogeza mbele kwanza kwa sababu yeye ni mrefu.

Tukaenda mpaka Kilima Tembo na kurudi. Akakanyaga, kimya. Akaachia, kimya. Akaweka fri, upepo tu. Ukisikiliza sana unasikia gia kwa mbali zinaimba chini huko, kama jirani mwenye adabu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nikamweleza yote njiani, difu iliyoning'inia, raba, mpasuko unaofumba, jinsi ambavyo hata Elisaria na besi yake hakuona. Nikamwambia, "Sasa nani fundi wako?"

Akaliingiza gari nyumbani, akazima, akabaki ameshika usukani.

"Ni wewe," akasema. "Nilisema, na neno langu ni lile lile. Umelinyamazisha, asante, Baba Clara. Baba angefurahi."

Nikafungua mlango nitoke.

"Ila uliliona kule mlimani," akasema. "Nilikutazama kwenye kioo. Uliweka mkono nyuma ya kiti changu, ukasikia, ukachangamka uso wote. Nikafurahi sana. Nikasema moyoni, ameamini, ameona nilikuwa sikosei. Nikangoja useme. Yule mtu akakuuliza kwa heshima, ukasema hujasikia kitu."

"Ningempa kazi yangu?"

"Si yeye uliyemficha. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo."

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu Elisaria, nimeyaandaa wiki nzima, na hakuna hata moja lililofaa kwa hilo.

Akawasha gari tena.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Elisaria. Kumwambia ilikuwa raba."

"Atajua mwenyewe!" nikasema, nikiwa nimeshashuka.

"Hatajua. Aliniambia hajui. Mtu akikuambia hajui, unamwambia." Akanyoosha mkono akaufunga mlango wangu kutoka ndani, taratibu, bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Nikasimama uani. Datsun ikatoka langoni, ikaingia barabarani, ikapotea nyuma ya malori. Nilitega sikio kama ninavyotega kila akiondoka. Siku zote nimejua akifika kilimani, akipunguza kwenye kona, akianza kurudi, maana gari lile lilikuwa linasema. Maharage yaliyokuwa jikoni yakaiva, nikayaepua. Majirani wakaingiza ng'ombe. Nikatoka tena mpaka langoni nikasikiliza njia ya Bashay, kisha njia ya Rhotia, nikasikiliza kwa umakini wote wa fundi, na hakukuwa na kitu cha kusikia.